Tangi la Chini

Kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu husimama kwanza mbele ya tangi la samaki. Lina urefu wa meta 2, upana na kina sentimeta 60, nalo hubeba lita 720 za maji. Mgeni atawasifu samaki, atauliza bei ya vioo, kisha ataketi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuinama afungue kabati lililo chini yake. Siwalaumu, maana mimi mwenyewe nilipoteza samaki 31 kabla sijajua kwamba uhai wa tangi hukaa kabatini.

Ilikuwa mwaka 1996, mjini Mwanza. Baba yangu alikuwa mvuvi, na utotoni mwangu furu walikuwa kitoweo cha kawaida: samaki wadogo wa aina mia kadhaa, ambao sisi tuliwaita wote kwa jina moja. Kisha sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria kwenye miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Wale wa kwenye miamba ndio walionusurika zaidi. Siku moja binti yangu aliniuliza furu ni samaki gani. Swali hilo lilinichoma, nikaazimia awaone wakiwa hai.

Nilipata furu 40. Miongoni mwao walikuwamo wale wenye mgongo mwekundu na ubavu wa manjano, ambao wataalamu waliwapa jina la nyererei mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu. Niliwalisha unga wa dagaa bila ubahili, na kila Jumamosi nilisugua kokoto zote kwa maji ya moto ili tangi ling'ae. Maji yalikuwa maangavu kabisa, na samaki walikufa mmoja baada ya mwingine. Baada ya majuma matatu walibaki tisa.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta vitabu, nikagundua kwamba wengi walikwisha kupita njia hiyo. Mwaka 1850 mkemia wa Kiingereza, Robert Warington, alieleza jinsi samaki, mimea na konokono wanavyoweza kutunzana katika chombo kimoja. Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na wenye uwezo wakashikwa na hamu ya kuwa na matangi majumbani. Lakini kanuni ya Warington ilifaa samaki wachache. Walipozidishwa, maji yaliharibika.

Aliyelitatua tatizo hilo kwa matangi makubwa ni William Alford Lloyd, aliyepata kuwa na duka la vifaa vya matangi ya samaki jijini London. Katika jumba la samaki la Crystal Palace, lililofunguliwa mwaka 1871, alijenga chini ya ardhi hifadhi ya maji yenye giza, kubwa mara kadhaa kuliko matangi yote ya maonyesho yakijumlishwa. Pampu zilipandisha maji usiku na mchana, yakapita kwenye matangi, kisha yakarudi gizani. Watazamaji waliona sehemu ndogo tu ya maji yaliyowaweka samaki hai.

Wakati huo kazi ya bakteria ilikuwa haijafahamika. Mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, hatimaye ikawa naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao hujishikiza kwenye mawe, mchanga na sifongo. Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Kila Jumamosi, kwa maji yangu ya moto, nilikuwa nikiwaua wale waliokuwa wakinilindia samaki.

Basi nikamwita fundi vioo. Tulitengeneza tangi la lita 160 lenye vyumba vitatu, tukaliweka kabatini. Maji ya juu yalishuka kwa bomba kupitia tundu lililotobolewa karibu na ukingo. Chumba cha kwanza kilikuwa na sifongo ya kuzuia takataka, cha pili vipande vya tofali la kuchoma kama makazi ya bakteria, na cha tatu pampu ya kuyarudisha maji juu. Nililijaza tangi la chini karibu na ukingo, nikidhani maji mengi ni heri.

Usiku wa pili umeme ulikatika. Bomba la kurudisha maji lilikuwa limezama sentimeta 10 katika tangi la juu. Pampu iliposimama, bomba liligeuka likawa mrija wa kunyonya, na asubuhi tulikuta karibu lita 90 sakafuni. Fundi alicheka, nami nikakausha zulia. Tulitoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili hewa iingie na kukata mnyonyo. Tena nikaacha zaidi ya theluthi ya tangi la chini ikiwa tupu, kwa ajili ya maji yatakayoshuka umeme ukikatika.

Kilichobaki kilikuwa subira. Wale tisa niliwalisha chembe chache, siku moja baada ya nyingine, na kila juma nilibadilisha robo ya maji. Kwa majuma sita sikuongeza samaki, wala sikugusa tofali. Sifongo niliisuuza katika ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Hakufa hata mmoja.

Baba alipokuja kututembelea, hakusimama mbele ya kioo. Alisikiliza sauti ya maji, akauliza, "Mwanangu, haya yanakwenda wapi?" Nikamfungulia kabati. Akachuchumaa akitazama maji yakipenya katika tofali, kisha akasema, "Kumbe umetengeneza mafunjo."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mito mingi hupita kwenye vinamasi vya mafunjo kabla ya kufika ziwani, na humo huacha tope na uchafu. Katika maisha yangu nimeona mafunjo mengi yakifyekwa ili watu wapate mashamba na viwanja, kwa sababu yalionekana ni pori lisilo na kazi. Baba alimwita mjukuu wake achuchumae pembeni yake, akamwonyesha kabati kwanza. Furu walifuata baadaye.