"Jikaze" ilitoka wapi?

Kuna kijana wa ploti yetu hapa Fedha ambaye hajatoka nje wiki ya pili sasa. Kazi ameacha, simu hashiki. Majirani wana jibu moja: "Hiyo ni kujikaza tu, atatoka mwenyewe." Mmoja akaongeza kwa sauti ya chini, "Akizidi, apelekwe Mathari." Ukiziweka sentensi hizo mbili pamoja, mgonjwa wa akili ana njia mbili tu: apambane peke yake, ama afungiwe. Mimi si daktari, ni mtu wa kupenda historia, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba mawazo haya hatukuzaliwa nayo. Yana tarehe.

Anza na Mathari yenyewe. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilichukua kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui ikakigeuza kuwa Nairobi Lunatic Asylum, nyumba ya kuwaweka wendawazimu. Mwaka 1924 kikabadilishwa jina kuwa hospitali ya akili ya Mathari. Ukitoka huku kwetu unafuata Outering hadi Allsops, unaingia Thika Road kuelekea tao, na kabla ya Pangani umeshaipita. Nani alikuwa analetwa huko? Mara nyingi ni yule aliyesumbua wengine, aliyepiga watu au kuzua fujo hadi polisi wakaitwa. Aliyejifungia ndani, asile wala asilale, hakuwa na kelele ya kumfanya aletwe.

Mwaka 1938 hospitali hiyo ilikabidhiwa J. C. Carothers, daktari wa kawaida ambaye hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Alikaa hadi 1950. Alihesabu Waafrika waliolazwa wodini mwake, akaona wenye sonona, yaani depreshen kama tunavyoiita mtaani, ni wachache mno. Akaamua kwamba Mwafrika ni nadra kushikwa na sonona. Sababu? Eti hatuna ule mzigo wa kujilaumu, kwa kuwa jamii inatubebea kila kitu. Mwaka 1951 aliandika akilinganisha fikra zetu na za Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Usidhani alichekwa. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu, na 1954 serikali ya Kenya ikatoa kingine alichoandika kuhusu saikolojia ya Mau Mau, kana kwamba shida ilikuwa vichwani na si kwenye mashamba yaliyochukuliwa.

Hesabu yake ni kama kusimama kwenye geti la Mama Lucy usiku wa Jumamosi, uhesabu wanaoletwa na majeraha, halafu utangaze kwamba watu wa Eastlands hawana presha.

Waliokuwa kimya walikuja kuonekana baadaye. Mwaka 1979 David Ndetei na mwenzake Muhangi walichapisha utafiti kuhusu watu waliokuja wenyewe kutibiwa katika zahanati ya mashambani hapa Kenya. Takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa na ugonjwa wa akili. Hawa hawakuletwa na polisi. Walikuwa wamepanga foleni ya kawaida pamoja na wenye malaria.

Sheria nayo ilikuwa na lake. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa, na angeweza kufungwa hadi miaka 2. Yaani ukishindwa kujikaza, ukakaribia kufa na ukaokolewa, unatoka kitandani unapelekwa kizimbani. Waingereza waliotuletea fikra hiyo waliifuta kwao mwaka 1961. Sisi tulibaki nayo hadi tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa miaka hiyo yote, nani angeenda kumwambia mtu "nafikiria kufa"?

Sasa, mtu anaweza kupona mwenyewe? Nitajibu bila kuzunguka: wengine ndiyo. Sonona inaweza kupungua baada ya miezi bila dawa, ingawa mara nyingi hurudi. Lakini anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayewaza kujitoa uhai, kumwambia ajikaze ni kumtupa. Hata hao wanaopona, nina shaka na hilo neno "mwenyewe". Binamu yangu hujisifu kwamba alitoka bila msaada wa mtu. Ukimdadisi unagundua mamake alikuwa analala chumba kimoja naye miezi 3, na mdosi wake alimwekea nafasi ya kazi. Hayo yeye haoni kama ni tiba.

Wazee wa Pwani wangemshangaa. Huko, mtu akishikwa na pepo, shughuli ya kupunga ilikuwa ya watu wengi: ngoma, mganga, ndugu, majirani, gharama ya kuchangiwa. Na aliyepungwa mara nyingi alibaki mmoja wa kilinge, akija kuwahudumia wengine. Sisemi pepo ndio chanzo cha ugonjwa, wala kwamba kila aliyepungwa alipona, wengine waliumizwa. Nasema tu kwamba "pambana na hali yako" si mila ya wahenga kama tunavyodai.

Aliyenisaidia kulielewa hili vizuri ni daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda. Mgonjwa wake alijiua kwa sababu familia haikuwa na nauli ya basi ya kumrudisha hospitali. Mwaka 2006 Chibanda alianza kazi na nyanya 14 wa Mbare, mtaa wa Harare wenye msongamano kama Pipeline. Akawafundisha kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, watu 14 hivi katika 100 waliokaa na nyanya hao bado walikuwa na dalili za sonona. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50.

Nyanya hao hawakutumia neno la daktari. Walitumia la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Hapa Nairobi tunalo letu na tunalisema kila siku: "Yule ana mawazo." Carothers alikaa Mathari miaka 12 na wachache mno ndio aliowaona wamelazwa kwa hilo.