Miaka 150 ya namba iliyomkosesha Lucas sifa yake

Namba 147,573,952,589,676,412,927 hupatikana kwa kukokotoa 2 kwa kipeo cha 67, kisha kutoa 1. Ina tarakimu 21, na kwa zaidi ya karne mbili ilidhaniwa kuwa namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 2026 inatimia miaka 150 tangu Mfaransa Édouard Lucas athibitishe kuwa si tasa.

Dhana hiyo ilitoka kwa Marin Mersenne, mtawa wa Paris, ambaye mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo 11 alivyodai vinazaa namba tasa. Kipeo cha 67 kilikuwamo, bila uthibitisho wowote.

Mwaka 1876 Lucas alibuni kipimo kisichohitaji kutafuta vigawo. Katika umbo lililoboreshwa baadaye na D. H. Lehmer, mkokotoaji huanza na 4, huizidisha kwa yenyewe, hutoa 2, hugawanya jibu kwa namba inayopimwa, kisha hurudia kazi ileile kwa baki. Kwa kipeo cha 67 kazi hurudiwa mara 65. Baki la mwisho lisipokuwa sifuri, namba si tasa. Lucas alijua kwamba vigawo vipo, lakini hakuvitaja.

Aliyevitaja ni Frank Nelson Cole wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika mkutano wa wanahisabati mjini New York tarehe 31 Oktoba 1903. Kwa masimulizi ya mwanahisabati E. T. Bell, Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno. Alikokotoa 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1. Akahamia sehemu tupu ya ubao, akazidisha kwa mkono 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana tarakimu kwa tarakimu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, naye akarudi kuketi kimya. Bell alipomuuliza baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu kuwa ni Jumapili za miaka mitatu.

Kigawo chochote cha namba hii lazima kizidi kwa 1 kizidisho fulani cha 134, na 193,707,721 ni 134 mara 1,445,580, ukijumlisha 1. Sharti hilo hupunguza sana namba za kujaribiwa, lakini zilizobaki bado ni nyingi mno kwa mtu mwenye kalamu na karatasi.

Masimulizi ya ubao yamemfunika Lucas isivyo haki. Wengi humkumbuka kwa Mnara wa Hanoi tu, mchezo wa kuhamisha visahani aliouuza mwaka 1883. Mnara wa visahani 67 ungehitaji hatua nyingi sawasawa na namba hii.

Kufikia 1947 orodha ya Mersenne ilikuwa imesahihishwa: 67 na 257 viliondolewa, 61, 89 na 107 vikaongezwa. Mwaka 2024 ilipatikana namba tasa ya tarakimu 41,024,320, na kipimo kilichoithibitisha ni kile cha Lucas.