Vocha ya nani?

Wadau, mnaotaka kujifunza kutengeneza programu za simu, turudi kidogo 2006, Android haijatangazwa bado. Nathan Eagle wa MIT alikuwa akifundisha somo hilo Chuo Kikuu cha Nairobi, simu zikiwa za vitufe. Baadaye, Kilifi, akaunda mfumo wa manesi kutuma kwa SMS kiasi cha damu kilichobaki hospitalini. Programu ilifanya kazi, manesi wakaacha kutuma. Kisa? Hela ya meseji ilitoka kwenye vocha zao! Aliporudisha salio na nyongeza kidogo, taarifa zikaanza kuja tena. Hapa Sumbawanga vijana huniuliza waanze na Java au Python. Mimi nawauliza: mkulima wa mahindi akituma bei kutoka kijijini, vocha ya nani?