Fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika 2012: Zambia na Ivory Coast

Fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2012 ni mchezo wa soka uliofanyika tarehe 12 Februari 2012 katika Uwanja wa Angondjé, Libreville, mji mkuu wa Gabon, ambapo Zambia, timu iliyopewa nafasi ndogo sana ya kutwaa ubingwa, iliishinda Ivory Coast kwa mikwaju ya penalti 8 kwa 7 baada ya suluhu, yaani sare isiyo na bao, iliyodumu kwa dakika 120. Huo ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Zambia katika mashindano hayo. Mchezo huo umezoeleka kusimuliwa kama muujiza, kwa kuwa ulichezwa katika mji ambao ufuo wake ulishuhudia vifo vya karibu kikosi kizima cha taifa hilo mwaka 1993. Kumbukumbu hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa, lakini kuegemeza ushindi wote juu yake ni kuwanyima wachezaji haki yao, kwani walioshinda walikuwa timu iliyokaa pamoja kwa miaka kadhaa, iliyojua kujilinda, na iliyoelewa mtoano unataka nini.

Mtoano ni utaratibu wa mashindano ambamo timu inayofungwa huaga papo hapo, tofauti na hatua ya makundi, ambamo kila timu hucheza michezo mitatu na inaweza kupoteza mmoja bila kutolewa. Dakika 90 zikiisha bila mshindi, huongezwa vipindi viwili vya dakika 15 kila kimoja, na ikiwa bado hakuna aliyeshinda, timu hupigiana penalti tano tano, kisha moja moja mpaka mmoja akose na mwenzake apate. Katika ligi ya michezo 30 au zaidi ubora wa kikosi hujitokeza wenyewe hatimaye, lakini katika usiku mmoja wa mtoano timu ndogo inayokaba kwa nidhamu inaweza kulifunga lango lake kwa saa mbili, na ikishafika kwenye mikwaju, ukubwa wa majina na mishahara hupungua nguvu, kwa sababu kinachobaki ni mpigaji, kipa na mpira uliowekwa mita 11 kutoka mstari wa goli.

Ivory Coast iliingia katika mashindano hayo, yaliyoandaliwa kwa pamoja na Gabon na Guinea ya Ikweta, ikiwa na kikosi ambacho nchi nyingi za Ulaya zingekitamani. Nahodha Didier Drogba na Salomon Kalou walikuwa Chelsea, ndugu Kolo na Yaya Touré walikuwa Manchester City, Gervinho alikuwa Arsenal na Cheick Tioté alikuwa Newcastle, na Yaya alikuwa ametoka kutangazwa Mwanasoka Bora wa Afrika wa mwaka 2011. Njia nayo ilionekana kuwa wazi mbele yao, kwa kuwa Misri, Kameruni, Nigeria, Algeria na Afrika Kusini zote zilikuwa zimeshindwa kufuzu. Hata hivyo kizazi hicho kilikuwa na deni la zamani: mwaka 2006 kilifika fainali mjini Cairo kikafungwa na Misri kwa penalti, na Drogba mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokosa. Kombe pekee ambalo nchi hiyo ilikuwa imelitwaa hadi wakati huo lilikuwa la mwaka 1992, lililopatikana mjini Dakar kwa penalti 11 kwa 10 dhidi ya Ghana, na katika mashindano hayo Ivory Coast iliitoa Zambia kwenye robo fainali kwa bao 1 kwa 0 katika muda wa nyongeza.

Kikosi cha Zambia, kinachojulikana kwao kwa jina la Chipolopolo, lenye maana ya risasi, kilikuwa cha namna nyingine kabisa. Nahodha Christopher Katongo alicheza China, mshambuliaji Emmanuel Mayuka alikuwa Young Boys ya Uswisi, kipa Kennedy Mweene alikuwa Free State Stars ya Afrika Kusini, na wengi wa wenzao walikuwa katika ligi za kusini mwa Afrika. Kundi lenye uzito zaidi lilitoka TP Mazembe ya Lubumbashi, mji wa Kongo unaozungumza Kiswahili na ulio jirani na migodi ya shaba ya Zambia, ambako beki Stoppila Sunzu, beki Hichani Himoonde na kiungo Rainford Kalaba walicheza klabu moja na Watanzania Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Mazembe haikuwa klabu ya kubezwa: ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2009 na 2010, na mwishoni mwa 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa na Inter Milan. Wachezaji waliozoea mazingira hayo hawakuwa wageni wa michezo mikubwa, ingawa watazamaji wa Ulaya hawakuwajua.

Kocha wao, Mfaransa Hervé Renard, alikuwa ameifundisha timu hiyo tangu 2008 hadi 2010, akaifikisha robo fainali ya mashindano ya 2010, ambapo ilitolewa na Nigeria kwa penalti baada ya suluhu, kisha akaondoka na kurejea mwishoni mwa 2011, miezi michache tu kabla ya mashindano. Hakuhitaji kuanza upya, kwa kuwa sehemu kubwa ya wachezaji aliowakuta ndio aliowaacha, na kuumia kwa penalti za mwaka 2010 lilikuwa somo ambalo kocha na wachezaji walilipata pamoja.

Tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya kijeshi aina ya Buffalo, iliyokuwa ikiipeleka timu ya taifa ya Zambia Dakar kucheza na Senegal katika mchezo wa kufuzu Kombe la Dunia, ilitua Libreville kujaza mafuta, na muda mfupi baada ya kuruka ikaanguka baharini karibu na ufuo. Watu wote 30 waliokuwemo walikufa, wakiwemo wachezaji 18 na kocha Godfrey Chitalu, aliyekuwa mfungaji mashuhuri kuliko wote katika historia ya nchi hiyo. Miongoni mwa waliokufa walikuwemo vijana walioifunga Italia mabao 4 kwa 0 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Kalusha Bwalya, aliyefunga mabao matatu siku ile, hakuwa ndani ya ndege kwa kuwa alikuwa akichezea PSV ya Uholanzi na alitarajiwa kusafiri peke yake. Chini ya mwaka mmoja baadaye Kalusha aliongoza kikosi kipya hadi fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya 1994, ambamo Zambia ilifungwa na Nigeria 2 kwa 1. Hiyo ilikuwa fainali ya pili kwa Zambia kuipoteza, baada ya ile ya 1974 iliyorudiwa na kuchukuliwa na Zaire. Mwaka 2012 Kalusha alikuwa rais wa chama cha soka cha nchi yake, na siku chache kabla ya fainali alikwenda na wachezaji ufuoni kuweka maua kwa ajili ya waliokufa.

Ratiba ndiyo iliyofanya ziara hiyo iwe na uzito wa pekee. Michezo yote mitano ya Zambia iliyotangulia fainali ilichezwa Guinea ya Ikweta, kwa hiyo timu isingefika Libreville ila kwa kuingia fainali. Ilianza kwa kuifunga Senegal 2 kwa 1, matokeo yaliyowashangaza wengi, ikatoka sare ya 2 kwa 2 na Libya, ikawafunga wenyeji bao 1 kwa 0, kisha ikaitoa Sudan 3 kwa 0 katika robo fainali. Nusu fainali dhidi ya Ghana ilikuwa ya kubana: Mweene aliokoa penalti ya Asamoah Gyan mapema katika kipindi cha kwanza, na Mayuka, aliyetokea benchi, akafunga bao pekee dakika ya 78. Ivory Coast kwa upande wake iliifunga Sudan 1 kwa 0, Burkina Faso na Angola 2 kwa 0 kila moja, Guinea ya Ikweta 3 kwa 0 na Mali 1 kwa 0. Hesabu hizi zina jambo ambalo lilistahili kuangaliwa zaidi wakati ule: kila timu iliingia fainali ikiwa na mabao 9 ya kufunga. Tofauti ilikuwa nyuma tu, ambako lango la Boubacar Barry halikuwa limeguswa na lile la Mweene lilikuwa limeruhusu mabao matatu.

Fainali, iliyochezeshwa na mwamuzi Badara Diatta wa Senegal, haikuanza kama walivyotarajia waliodhani kwamba Zambia itajificha nyuma. Katika dakika za mwanzo kabisa Zambia ilipiga kona fupi iliyopangwa, mpira ukamfikia Nathan Sinkala ndani ya eneo la hatari, naye akapiga shuti ambalo Barry aliliokoa kwa miguu. Muda si mrefu beki wa kushoto Joseph Musonda aliumia na kulazimika kutoka akilia. Ivory Coast ilitulia polepole, ikapata nafasi yake nzuri ya kwanza pale Yaya Touré alipopewa pasi ya kisigino na Drogba akapiga nje ya nguzo. Viungo wa Zambia walikuwa wakirudi kwa haraka kuziba nafasi iliyo mbele ya mabeki, na kwa muda mrefu Drogba alijikuta akipokea mpira akiwa amelipa goli mgongo, huku Sunzu yuko nyuma yake na mtu mwingine mbele yake.

Dakika ya 70 Gervinho aliingia eneo la hatari, akaangushwa na Isaac Chansa, na mwamuzi akaonyesha penalti. Drogba aliupaisha mpira juu ya mtambaa wa panya. Haikuwa kazi ya Mweene, wala mtu hawezi kudai kwamba Zambia iliistahili bahati hiyo, lakini kilichofuata ndicho kipimo cha timu: Zambia haikurudi kulinda suluhu kwa woga, bali iliendelea kupasiana, na katika muda wa nyongeza Katongo alipiga mpira ambao Barry aliugusa kidogo ukagonga nguzo. Kabla ya hapo, dakika za lawama zikiwadia, Max Gradel alikuwa amempita mlinzi wake na kupiga shuti lililopita sentimita chache tu pembeni ya goli la Zambia. Yaya Touré alitolewa kumpisha mshambuliaji Wilfried Bony, uamuzi wa kocha François Zahoui ambao ulimwacha mmoja wa watu wake watulivu zaidi akiwa benchi mikwaju ilipoanza.

Timu zote mbili zilifunga penalti saba za kwanza bila kukosa. Chansa, aliyesababisha penalti ya dakika ya 70, alifunga yake. Drogba safari hii alifunga. Mweene naye aliacha lango, akaenda kupiga mkwaju wa tano wa Zambia na kufunga, kisha akarudi golini kuendelea na kazi. Wachezaji wa Zambia waliokuwa wakisubiri katikati ya uwanja walikuwa wakiimba pamoja. Katika mzunguko wa nane Kolo Touré alipiga na Mweene akaokoa, lakini Kalaba, aliyebeba nafasi ya kuumaliza mchezo, akapaisha. Gervinho naye akakosa. Sunzu, beki wa miaka 22, alipiga mkwaju wa 18 na wa mwisho, mpira ukatikisa nyavu. Wenzake walipokimbia kushangilia, Renard alikwenda kumchukua Musonda, ambaye hakuweza kutembea vizuri, akambeba mikononi mpaka walipokuwa wenzake.

Ivory Coast ilimaliza mashindano bila kufungwa bao hata moja katika mchezo, sawasawa na ilivyofanya mwaka 1992, ila mara ile ilirudi na kombe na mara hii ikarudi mikono mitupu. Katongo alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano, na baadaye mwaka huohuo akapata tuzo ya BBC ya Mwanasoka Bora wa Afrika; Mayuka alipewa tuzo ya mfungaji bora kati ya wachezaji saba waliofunga mabao matatu, kwa sababu alitumia dakika chache zaidi uwanjani. Drogba alipiga penalti nyingine kubwa miezi mitatu baadaye, tarehe 19 Mei, mjini Munich, akaipa Chelsea ubingwa wa Ulaya dhidi ya Bayern. Renard alihamia Ivory Coast na mwaka 2015, mjini Bata, akaipa kombe kwa penalti 9 kwa 8 dhidi ya Ghana, Barry yuleyule akiokoa mkwaju na kisha kufunga wa ushindi. Akawa kocha wa kwanza kutwaa taji hilo na mataifa mawili tofauti.

Zambia haikuweza kudumu juu. Mwaka 2013 ilitoka sare michezo yote mitatu ya makundi na kutolewa, mojawapo ya sare hizo ikipatikana dhidi ya Nigeria kwa penalti iliyofungwa na Mweene, na mwaka 2015 ikaishia tena kwenye makundi. Ilikosa mashindano matatu yaliyofuata, ikarejea katika yale yaliyochezwa Januari 2024 nchini Ivory Coast, ambako ilipangwa pamoja na Morocco, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Tanzania. Ilitoka sare ya 1 kwa 1 na Tanzania, Simon Msuva akitangulia kufunga na Patson Daka akisawazisha mwishoni, ikaaga katika hatua hiyo, na wenyeji wakalitwaa kombe lao la tatu.