Mkunguru, Degedege na Homa ya Kichwani: Maneno Matatu Katika Njia ya Isiolo

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno machache ya Kiswahili yahusuyo malaria inapofika kwenye ubongo, na kuyapima kwa historia ya mji mmoja, Isiolo. Tumeuchagua mji huu kwa kuwa ni mpaka kwa namna mbili. Msafiri atokaye Nanyuki au Meru huteremka kutoka miinuko yenye baridi ya Mlima Kenya na kuukuta mwanzoni mwa nyika. Na papo hapo hukutana Kiborana, Kisomali, Kisamburu, Kiturukana na Kimeru, Kiswahili kikiwa lugha ya soko.

Tuanze na mkunguru. Kamusi za zamani hulieleza neno hili kuwa ni homa impatayo mtu afikapo nchi ngeni. Waliolitumia walikuwa wamekwisha kuona jambo ambalo sayansi ililifafanua baadaye: mtu aliyekulia penye mbu wengi, akaumwa mara nyingi na kupona, hupata kinga ya kadiri, ilhali mgeni hana. Krapf, ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, alifiwa na mkewe na mtoto wao mchanga kwa homa huko Mombasa mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kuwasili. Hakuhitaji msaidizi wa kumfasiria maana ya jambo hilo.

Isiolo nao ni mji wa wageni. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, serikali ya kikoloni iliwapa makao hapo Wasomali waliokuwa wameitumikia jeshini, hasa wa koo za Isaaq na Herti. Wengi wao asili yao ni pwani ya Ghuba ya Aden, na ni pwani hiyo hiyo aliyoitembelea Richard Burton mwaka 1854. Katika kitabu chake cha mwaka 1856 Burton alitaja kwamba wenyeji walisema kuumwa na mbu huleta homa za kufisha, kisha akaliita neno hilo ushirikina, akidhani mbu na homa huzidi tu kwa wakati mmoja. Ronald Ross aliviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko India mwaka 1897. Kwa hiyo yule mwenye kalamu alibaki nyuma ya wenyeji wake kwa zaidi ya miaka arobaini. Hatudai kwamba kila askari aliyehamia Isiolo aliibeba elimu hiyo mkobani. Twasema tu kwamba lugha yenye kaneeco kwa mbu na duumo kwa malaria haikungoja daktari ili iyaweke mawili hayo pamoja.

Neno la pili, degedege, ndilo gumu zaidi. Aina ya malaria iitwayo falsiparumu hufanya chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na vijidudu zinate kwenye kuta za mishipa midogo kabisa. Yakitokea hayo katika ubongo, mgonjwa hupoteza fahamu, hukakamaa, hutupa mikono na miguu, macho yakageuka. Hata akitibiwa hospitalini, kati ya watoto mia wenye hali hiyo takriban kumi na watano hadi ishirini hufariki. Basi Waswahili walipomwona mtoto akirukaruka hivyo walilikumbuka neno ndege. Na degedege pia ni jina la nondo arukaye usiku, ambaye wengi walidhani kivuli chake ndicho kimpatacho mtoto. Jina limechora dalili kwa ufasaha usio kifani, lakini limeitenga na homa iliyoizaa. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliwakuta wazazi wengi wakiihesabu degedege kuwa ugonjwa mwingine kabisa, si malaria, na kwa hiyo wakimpeleka mtoto kwa mganga kwanza. Saa zilizopotea njiani ndizo zilizokuwa na thamani.

Isitoshe, degedege ni neno la watoto. Pwani hilo linaeleweka, maana huko watu wazima wana kinga na watoto ndio wanaoanguka. Nyikani mambo ni mengine. Malaria huja kwa vipindi, mvua ikizidi na maji yakituama kandokando ya Ewaso Nyiro, na baina ya vipindi hivyo kinga hupungua. Mvua kubwa za El Niño zilipokwisha kunyesha, mwanzoni mwa mwaka 1998 malaria iliivamia Wajir, jirani ya Isiolo upande wa mashariki, ikawapata watu wa kila umri. Mchungaji mwenye ndevu aliyeanza kuweweseka na kutowatambua nduguze aitweje? Degedege haimfai. Mkunguru haumfai pia, kwa kuwa yu nchini kwake, ingawa kwa kinga yake ni kama mgeni. Hatari ni kwamba ataitwa mwenye pepo au mwenye wazimu. Hapa msemo wa mitaani, ambao wasanifishaji hawakuutunga, umeziba pengo: malaria imempanda kichwani. Kwa maoni yetu msemo huu wapita maneno yote mawili ya kale, kwa sababu umeitaja homa na mahali ilipofika bila kuuliza umri wa mgonjwa wala kwao.

Liko jambo moja zaidi linalotuhusu sisi wa idara za lugha. Huko Kilifi, ambako kituo cha utafiti kimekuwako tangu mwaka 1989, watoto waliopona malaria ya ubongo walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Takriban robo yao walionekana kuwa na upungufu wa namna moja au nyingine, na kwa baadhi uliopungua ni usemi wenyewe. Ili kuupima, watafiti hawakuweza kutwaa mitihani ya Kiingereza na kuigeuza tu; ilibidi kwanza kujua mtoto wa Kigiriama husemaje akiwa mzima, huunganishaje ngeli, hutaja vitu gani vya nyumbani kwao. Mtoto wa Merti au Garba Tulla aliyeamka kutoka katika usingizi huo atapaswa kuulizwa kwa Kiborana, na maswali hayo hayawezi kutungwa na daktari peke yake.