Utunzaji wa Mazulia Majumbani Msimu wa Masika

Zulia hunasa vumbi na utitiri, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho ambao huchochea pumu na mzio. Katika ukanda wa Pwani wenye unyevunyevu, hatari hiyo huongezeka wakati wa masika, Machi hadi Mei.

Inashauriwa zulia likung'utwe nje ya nyumba angalau mara moja kwa wiki. Kinywaji kikimwagika, kikaushwe papo hapo kwa kugandamiza kitambaa kikavu. Kusugua husambaza doa.

Zulia lililolowa lianikwe likauke ndani ya saa 24 hadi 48, vinginevyo huota ukungu. Lililoingiwa na mafuriko yenye majitaka litupwe. Aidha, dawa ya klorini isichanganywe kamwe na siki wala amonia, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu.