Mvumo wa maikrofoni na kisa cha pini namba 1

Leo tuache programu kidogo. Juzi rafiki yangu aliniletea maikrofoni kuukuu ya kondensa, inavuma "mmmm" kila ikiunganishwa na mtambo wa sauti. Tayari alikuwa ameshika koleo, anataka kukata waya wa pini namba 1. Nikamzuia. Kujua kwa nini, turudi hadi 1966.

Mwaka huo kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilitengeneza maikrofoni ya transista, KM 84, kwa ajili ya NRK, redio ya taifa ya Norway. Studio za NRK zilikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za ziada, maana huko wakati wa baridi jua ni la kuonja tu. Wakautumia huo huo. Ndiyo asili ya volti 48 tunazotumia hadi leo, wala si hesabu ya ajabu! Umeme unapanda kwa pini 2 na 3 kwa kiwango sawa, kila moja na rezista yake ya omu 6,800, halafu unarudi kwa pini 1, kupitia wavu wa shaba unaozunguka kebo. Ukiikata pini 1 mvumo utakwisha, naam, na maikrofoni itazimika.

Basi mvumo unaingilia wapi? Mwaka 1995 mhandisi Neil Muncy alieleza katika jarida la AES kwamba vifaa vingi viliunganisha pini 1 na saketi ya ndani badala ya bodi ya chuma. Mkondo wa hezi 50 unaozurura kwenye wavu ukapata njia ya kuchanganyika na sauti. Miaka yote hiyo fundi wa kebo alilaumiwa, kumbe kosa ni la muundo. (Wenzangu wa programu, mnaijua hadithi hii.) Mwaka 2005 kikaja kiwango cha AES48: wavu uungwe na chuma cha nje, kwa njia fupi.

Kwa hiyo jaribu kebo nyingine kwanza, kisha mtambo mwingine. Waya wa ardhini wa plagi ya ukutani usiukate kamwe, unaweza kuua mtu. Halafu shika bodi ya maikrofoni: mvumo ukibadilika, chuma hakijaungana vizuri na pini 1. Ya rafiki yangu ilikuwa hivyo. Skrubu imelegea na kuota kutu. Nikakwaruza, nikakaza, kimya.